Mwanangu hakuwadharau: barua ya wazi kwa Bodi ya Shule ya wilaya yetu

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, Mkurugenzi wa Elimu wa wilaya, na wakuu wa shule wote.

Waheshimiwa,

Salamu kwenu. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Tangu tufike Marekani mwaka 2016, barua zenu zimejaza droo nzima ya kabati letu la jikoni. Zote ni za Kiingereza, na kila moja imenilazimu kumtafuta mtu wa kunisomea. Safari hii mtafute nyinyi. Hamtahangaika sana, maana familia zilizotoka Kongo kupitia kambi za Tanzania, Kenya na Uganda ziko nyingi mjini hapa, na vijana wetu waliomaliza sekondari katika shule zenu wenyewe wanazijua lugha zote mbili. Nimeiweka hadharani ili wazazi wenzangu waisome kwanza. Wao hawana haja ya kusubiri tafsiri.

Kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwanza kule Fizi, Kivu Kusini, halafu katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Sasa napanga maboksi ghalani zamu ya usiku. Kazi ni kazi, silalamiki. Nataka tu mjue kwamba mambo ya darasani sikuyasikia kwa watu.

Oktoba iliyopita simu iliita saa nne asubuhi, nami nimelala saa mbili tu baada ya zamu. Mama mmoja aliongea Kiingereza cha haraka, nikaambulia jina la mwanangu na "siku tatu". Jioni kijana akarudi na bahasha. Nikamwambia anisomee. Aliisoma kimya kwa muda mrefu kuliko barua yenyewe, kisha akasema, "Baba, wanasema nipumzike siku tatu."

"Kwani unaumwa?"

"Hapana."

"Basi unapumzika nini?"

Mtoto wa miaka 13 mmemfanya mshtakiwa, karani wa mahakama na mkalimani wa baba yake, yote kwa mpigo. Hata mimi ningedanganya.

Ukweli niliupata kwa jirani yangu. Ni Mzungu, mtu mwema, mwanawe anasoma darasa moja na wangu, na siku ile walikuwa pamoja. Walirushiana mpira wa karatasi kwenye korido, mwalimu akawaita wote wawili. Mtoto wa jirani akamtazama mwalimu usoni, akaomba radhi, yakaisha. Wangu akainamisha kichwa. Akaambiwa, "Nitazame ninapoongea nawe." Hakutazama. Akaambiwa tena, akatabasamu. Kwenye fomu ya nidhamu mwalimu akaandika kwamba mwanafunzi amekataa kumtazama, amemcheka, ameonyesha dharau na ukaidi. Siku tatu nyumbani. Jirani alikwenda ndani akaleta karatasi ya mwanawe. Ilikuwa na mistari miwili: alikuwa amechangamka kupita kiasi, amekumbushwa kanuni. Tukaziweka karatasi zile mbili kwenye boneti ya gari lake tukazitazama. Mpira mmoja, korido moja, dakika ileile. Jirani alikuna kichwa, akasema kwa Kiingereza chepesi ambacho hata mimi nilikielewa, kwamba hii si haki.

Naomba niwaeleze kuhusu yale macho. Kwetu, mtoto anayekaripiwa na mkubwa hamkodolei macho. Kumkodolea ndiyo dharau yenyewe. Angemfanyia hivyo bibi yake, bibi angemuuliza kama anataka wapigane. Mtoto huinama akasubiri ukali upite, na aibu ikimzidi huweza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyekosa pa kujificha. Heshima yote niliyomfundisha mwanangu kwa miaka 13 aliitoa mbele ya mwalimu wake siku ile, na mwalimu akaijazia fomu.

Mwalimu yule simchukii. Kijana mwenyewe anasema anafundisha vizuri. Nina hakika ukimwita mbaguzi ataumia sana, na atakuwa na haki ya kuumia, kwa sababu hakuamka asubuhi akapanga kumwonea mtoto Mweusi. Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili, na ndiyo maana sikuandika barua ya kumshtaki yeye. Nawaandikia nyinyi wenye fomu.

Mwaka 2002 mtafiti Russell Skiba na wenzake walichapisha matokeo ya kuchambua kumbukumbu za nidhamu za shule katika mji mmoja mkubwa wa Midwest, yaani majimbo ya kati-kaskazini ya Marekani. Waliangalia watoto wanapelekwa ofisini kwa makosa gani. Wanafunzi Wazungu walipelekwa zaidi kwa kuvuta sigara, kuharibu mali, kutoroka, kutukana. Wanafunzi Weusi walipelekwa zaidi kwa kukosa heshima, kupiga kelele kupita kiasi, kutishia, kuzurura. Zisomeni tena orodha hizo mbili polepole, mkiwa mmekaa. Sigara ina moshi. Dirisha likivunjwa, vioo vinabaki sakafuni na fundi anakuja kuvipima. Kukosa heshima mnakupima kwa nini? Shahidi ni mmoja, naye ndiye aliyeudhika, ndiye mwandishi wa fomu, na mara nyingi ndiye anayeaminiwa.

Mnaweza kuniambia kwamba ni umaskini tu, kwamba watoto Weusi wanaonekana hivyo kwa sababu wengi wao wanatoka nyumba zenye shida. Jibu limekwisha kutolewa na ofisi ya ukaguzi inayolifanyia kazi Bunge lenu la Congress, katika ripoti ya mwaka 2018. Katika mwaka wa masomo 2013-14, wanafunzi Weusi walikuwa asilimia 15.5 ya wanafunzi wa shule za umma, lakini walikuwa asilimia 39 hivi ya waliosimamishwa masomo. Wakaguzi walizitazama shule za maskini na za wenye uwezo, na pengo wakalikuta kote.

Na linaanza mapema mno. Mwaka 2016 Walter Gilliam na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaonyesha walimu wa chekechea video za watoto wanne wakicheza: mvulana Mweusi, msichana Mweusi, mvulana Mzungu, msichana Mzungu. Waliwaambia wakae chonjo, waone utovu wa nidhamu ukianza. Kifaa kikawa kinafuatilia mboni za macho yao. Video hazikuwa na utovu wa nidhamu wowote. Watoto walikuwa wanacheza tu. Macho ya walimu yalikaa zaidi kwa mvulana Mweusi. Walipoulizwa ni mtoto gani anahitaji kuangaliwa zaidi, asilimia 42 walimtaja yeye. Anayeangaliwa zaidi hukamatwa zaidi, hata kama wote wanne wanafanya utundu uleule. Na walimu waliopimwa hawakuwa Wazungu tu. Walikuwemo Weusi pia.

Hilo la mwisho halikunishangaza, na hapa sina budi kusema jambo ambalo ningependa kulificha.

Kule Fizi darasani kwangu nilikuwa na watoto wa Kitwa. Anayetoka kwetu anajua Watwa wanavyotazamwa: watu wa msituni, watu wa kubeba mizigo, watu ambao wengine hawataki hata kunywa nao kikombe kimoja. Mimi nilijiona mwalimu wa kisasa, niliyesoma, na neno baya juu yao halikutoka kinywani mwangu. Lakini walikaa nyuma, na sikuwahi kujiuliza nani aliwaweka huko. Siku moja nilitoa hesabu ngumu ya sehemu, na darasa zima aliyepata ni mmoja wa wale watoto. Nilisimama juu ya daftari lake nikamuuliza, "Umeiga kwa nani?" Aliyekaa pembeni yake alikuwa amekosa. Wa mbele yake alikuwa amekosa. Yule mtoto hakunijibu, alitazama chini. Wiki mbili baadaye aliacha shule. Wakati ule nilisema, hao ndivyo walivyo, hawapendi shule.

Miaka ikapita. Binti yangu mkubwa akaingia shule yenu moja hapa mjini. Nyarugusu alikuwa amesoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na sehemu, asilimia na maeneo alikuwa amemaliza. Kwa kuwa Kiingereza kilikuwa kidogo, mkamweka kwenye hesabu za watoto wanaoanza. Miezi saba akapaka rangi vipande vya duara, robo hii nyekundu, robo hii bluu. Mtihani ulipokuja akapata zote. Mwalimu akamwita pembeni akamuuliza, kwa upole kabisa, nani alikuwa akimsaidia.

Aliponisimulia nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mke wangu alifikiri nimekasirika na shule. Nilikuwa namfikiria mtoto wa Fizi.

Kwa hiyo mkisikia nikisema ubaguzi usiojijua, msidhani nimekuja kuwafundisha kutoka mahali pasafi. Nayajua macho hayo kwa ndani. Mtu hawezi kuyaamini macho yake mwenyewe katika jambo hili, na dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kumnyima mtu nafasi ya kuamua kwa macho peke yake. Katika wilaya ya Broward, Florida, watoto walikuwa wakiingia madarasa ya wenye vipaji kwa kupendekezwa na walimu na wazazi. Mwaka 2005 wilaya ikaamua kuwapima watoto wote wa darasa la pili, bila kusubiri pendekezo la mtu. Wachumi David Card na Laura Giuliano walifuatilia, wakakuta idadi ya watoto Weusi, wa Kilatino na wa familia maskini walioingia imepanda sana. Watoto hao walikuwepo siku zote. Kisha bajeti ikabana, upimaji ule ukaachwa, na pengo likarudi lilikokuwa. Walimu hawakuwa wamegeuka wabaya ghafla. Utaratibu ndio uliobadilika, mara ya kwanza na mara ya pili. Watu wakiniuliza mfumo ni nini, huwapa mfano huo.

Najua maneno kama "ubaguzi wa kimfumo" siku hizi yanazua kelele katika mikutano yenu. Mwaka jana nilihudhuria mmoja, nikaona watu wazima wakinyang'anyana maikrofoni. Mkitaka tuyaache maneno hayo, tuyaache. Tubaki na karatasi mbili juu ya boneti ya gari.

Mtasema mlishawapeleka walimu semina. Naijua semina hiyo, hata kambini mashirika yalituletea: chati ukutani, soda, cheti, na posho kama una bahati. Jumatatu unarudi darasani na fimbo yako. Lakini kuna jambo dogo lililofanywa California ambalo mngeweza kuliiga. Mtafiti Jason Okonofua na wenzake waliwapa walimu 31 wa hesabu, katika shule tano za kati, zoezi fupi la mtandaoni. Walisoma kwa nini watoto hukosea, wakasoma simulizi za wanafunzi waliosikilizwa badala ya kufukuzwa, kisha wakaandika kwa mikono yao jinsi wao wenyewe wanavyowasikiliza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: kwa wanafunzi wa walimu hao, waliosimamishwa masomo mwaka ule walikuwa asilimia 4.8, ilhali kwa wanafunzi wa walimu wengine walikuwa asilimia 9.6. Hakuna aliyeitwa mbaguzi katika zoezi lile. Hakuna soda iliyonunuliwa.

Na fomu. Fomu ndiyo nimeijia. Liondoeni humo neno dharau. Mwalimu aandike alichokiona na kukisikia, kama shahidi: mtoto alitazama sakafu, mtoto alisema hivi, mtoto aliondoka bila ruhusa. Alichohisi moyoni akiandike kwenye daftari lake. Jimbo la California lilianza kwa kuzuia watoto wadogo wasisimamishwe masomo kwa kosa hilo la ukaidi, likapanda darasa hadi darasa, na tangu Julai 2024 sheria inawakinga mpaka wa darasa la kumi na mbili. Shule hazikuanguka. Nanyi hamhitaji kusubiri jimbo letu litunge sheria. Fomu zinachapishwa ofisini kwenu.

Tena mtoto asifukuzwe siku hata moja kabla mzazi hajaelezwa kwa lugha anayoielewa, na anayeeleza asiwe mtoto huyohuyo wala ndugu yake. Hilo siombi kama hisani. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa rangi au asili yake. Mwaka 1974, katika kesi iliyotokana na wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kilekile na mwalimu yuleyule hakujamfanya awe sawa na wenzake. Marais hubadilika na miongozo ya wizara hubadilika. Sheria ile ya 1964 bado ipo.

Mtoto mgeni apimwe hesabu kwa lugha aliyofundishiwa. Watoto wa Nyarugusu wanaofuata mtaala wa Kongo husoma kwa Kifaransa, na walimu wa Kifaransa mnao katika kila sekondari, wanafundisha watoto wenu kuagiza mkate mjini Paris. Wapeni saa moja kwa mwaka.

Kuhusu walimu wenyewe nitasema machache kwa sasa, ingawa najua ndilo zito. Kitaifa, katika mwaka wa masomo 2017-18, walimu wa shule za umma karibu wanane katika kila kumi walikuwa Wazungu, na Weusi hawakufika asilimia 7. Haikuwa hivyo kwa bahati. Mahakama ilipofuta utengano wa shule mwaka 1954, majimbo mengi ya kusini yalizifunga shule za Weusi, yakawapeleka watoto kwenye shule za Wazungu na kuwaacha walimu wao nje. Inakadiriwa kwamba hadi mwaka 1965 walimu na wakuu wa shule Weusi wapatao 38,000 walikuwa wamepoteza kazi. Leo mnasema hamwapati. Mimi nawajua sita waliofundisha miaka kumi na zaidi huko tulikotoka, na wote wako mjini humuhumu. Wawili tunapanga nao maboksi, mmoja anaosha vyombo hospitali, mmoja analea wazee usiku, wengine wako kiwanda cha nyama. Hakuna anayedai apewe darasa kesho. Kiingereza chetu tunakijua kilipo. Lakini mnaajiri wasaidizi wa walimu kila Agosti, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona tangazo hilo kwa lugha yetu. Watafiti wamekuta kwamba mtoto Mweusi aliyewahi kuwa na mwalimu Mweusi hata mmoja kabla ya kumaliza darasa la tatu ana uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 13, wa kujiunga na chuo kuliko mwenzake ambaye hakuwahi kumpata. Mwalimu mmoja tu.

Mwisho, tangazeni takwimu. Kila muhula, kila shule: wangapi walisimamishwa, kwa neno gani lililoandikwa kwenye fomu, wa rangi gani, na wangapi wao lugha ya nyumbani si Kiingereza. Kwenye karatasi zenu sisi tumeandikwa "Weusi" tu, pamoja na Wamarekani Weusi ambao babu zao waliijenga nchi hii. Sikatai kuhesabiwa nao. Walitutangulia katika shida hii kwa miaka mingi, na sheria ninayojikinga nayo leo ni wao walioipigania. Nataka tu kichwa kilichoinamishwa kwa heshima kisipotee ndani ya jumla.

Ndugu zangu wazazi mnaosoma: nendeni mkaombe nakala ya faili la mtoto wenu. Ni haki yenu kuliona, tangu sheria ya mwaka 1974. Msitie saini karatasi msiyoielewa kwa sababu mama wa ofisini ametabasamu. Na mkutane na majirani. Bila jirani yangu ningekuwa na karatasi moja tu, nami ningeiamini. Nilikuwa nimeshavua mkanda kumchapa kijana.

Waheshimiwa, mkutano wenu ujao ni Jumanne ya pili ya mwezi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Nimeomba ruhusa kazini. Mnampa mzazi dakika tatu za kuzungumza, na mkalimani atakula nusu yake, kwa hiyo naomba sita. Kijana nitakuja naye. Atakaa kando yangu na hatatafsiri neno. Mkalimani mlete nyinyi.

Wenu,
Mzazi wa watoto wanne katika shule zenu